Kombe la Mwatima

Bi Kijakazi wa Makangale alikuwa na miaka sitini na tatu, hajapata kupanda ndege wala hana hamu nayo. Maisha yake yote yalikuwa mihogo yake, karafuu za watu, na kuni za kando ya msitu wa Ngezi. Safari yake ya mbali ilikuwa Unguja, mara mbili, na mara zote mbili alitapika melini. Lakini mwaka ule wa 2011 bintiye Mwatima alikuwa kalazwa hospitali Muscat, figo zimechoka, na madaktari washaacha kutaja siku ya kutoka. Mkwewe, Bakar, akatuma tiketi. Mtu akitumiwa tiketi ya namna ile haulizi sana, anajua anaitiwa nini.

Mwatima mwenyewe aliomba kitu kimoja tu kwenye simu. "Mama, mwambie baba aniandikie kombe. Kwa mkono wake, si wa mtu mwengine."

Hapo ndipo penye maneno. Baba yake, Mzee Mabruki, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na kwa miaka arubaini ndiye aliyewaandikia wagonjwa wa Makangale makombe yao: aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa akanywa. Kisha kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukawa hauna kazi, na watu wakahamia kwa mwalimu mwengine. Hakuwalaumu. Siku ile alipoambiwa, aliagiza sahani, akatawadha, akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaanza. Sahani moja tu ilimchukua tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri. Herufi zililala upande lakini zilisomeka. Alipomaliza alikuwa karowa jasho.

"Jengine siwezi, Mama Mwatima," akamwambia mkewe. "Ndo hili."

Nusu lita ya maji ya manjano ikatiwa chupani, chupa ikaviringishwa kitambaa cheupe.

Begi nalo lilikuwa na kisa chake. Ukitoka Makangale kwenda Arabuni huendi peke yako, unakwenda na mji mzima. Huyu kaleta pweza mkavu wa mwanawe, yule karafuu, yule achari ya embe, yule mafuta ya nazi. Likapelekwa Konde kupimwa kwenye mizani ya karafuu dukani kwa Pandu, aliyekaa Oman miaka saba. Kilo thelathini na tisa, na ruhusa ni thelathini.

"Bi Kijakazi, unahamia?" akauliza Pandu, akalifungua na kulipunguza. Akamwambia kwa uzuri kabisa: cha majimaji chote kikae begi kubwa, linalopakiwa chini. Mkononi asichukue, watamnyang'anya.

Alisikia, na si mjinga, tusimwonee. Achari aliitia begi kubwa, mafuta akayatia, hata kichupa chake kidogo cha dawa ya kifua. Lakini kombe? Maneno ya Mungu yalale chini ya pweza, begi lirushwe na kukanyagwa na viatu vya wapakizi? Kwao hata juzuu ya Kurani haiwekwi sakafuni. Kombe akalitia mkoba wa mkononi, na wala hakuona kama kavunja amri ya mtu. Kwake yeye lile halikuwa maji.

Kiwanjani Chake Chake, askari aliifunua chupa, akanusa marashi, akairejesha kwa mikono miwili. "Mungu amponye mgonjwa, Bi." Hilo ndilo lililomponza. Akaondoka akiamini dunia nzima inajua kombe ni nini.

Dar es Salaam, mkoba ulipita kwenye mashine, ukarudishwa, ukapita tena. Mwanamke mwenye glavu akaitoa chupa.

"Mama, maji haya hayapiti. Mwisho ni mililita mia."

"Si maji, mwanangu. Kombe la mgonjwa."

"Naelewa, mama. Ungekuwa na kichupa kidogo ningekuruhusu upunguze."

Kichupa alikuwa nacho. Kilikuwa ndani ya begi kubwa, alikokitia kwa kushika alivyoambiwa, na begi lilishakwenda.

"Basi unywe, au utupe pale," akasema yule mwanamke, kwa upole, akionyesha pipa lililojaa soda na manukato ya watu. Nyuma foleni ilikuwa inakohoa. Kombe halimwagwi ovyo, humwagwa mahali safi pasipopita miguu, na pale hapakuwa na udongo hata wa kufunika ukucha. Bi Kijakazi akachutama, akasema bismillahi, akanywa. Alikunywa dawa ya mwanawe mpaka tone la mwisho, yeye mzima, huku machozi yakimtiririka.

Muscat alimkuta Mwatima kawa mdogo kitandani. Neno la kwanza la mtoto lilikuwa, "Umekuja nalo?" Akamweleza yote.

"Basi mama. Bora umelinywa wewe kuliko pipa."

Jioni yake Mzee Mabruki akapiga simu. "Mama Mwatima, mtoto kanywa?" Bi Kijakazi akamtazama bintiye. Mwatima akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"N'shakunywa, baba. Lote."

Mzee Mabruki akalia huko aliko, akimshukuru Mungu kwa sauti, na Mwatima akaisikiliza shukurani ile mpaka mwisho.

Akafa siku ya tisa, wakamzika huko huko.

Bi Kijakazi aliporudi Makangale alimkuta mumewe kakaa barazani, hataki kula. Hakulia mbele za watu. Aliposhika mkono wa mkewe alisema, "Mii ndo niliyemuua. Herufi zililala. Aya haikukamilika, na mtoto kainywa vile vile."

Neno moja la Bi Kijakazi lingemtua mzigo ule. Lingemwambia pia kwamba mwanawe aliaga dunia akiwa kamdanganya, na kwamba kazi ya mwisho ya mkono wake imo tumboni mwa mkewe. Mpaka leo Mzee Mabruki huomba msamaha kila baada ya sala, na Bi Kijakazi, nyuma yake juu ya msala wake, huitikia amina.