Kuilaza Baiskeli Upande wa Gia

Mimi ni mwepesi wa hasira, na nalisema hilo mapema ili asiwepo wa kunitetea baadaye. Jumatatu moja ya baridi mwaka jana, nikipanda kilima kwa baiskeli kwenda kazini Kilimani, nilitafuta gia nyepesi kuliko zote. Mnyororo ukaruka meno ya mwisho, ukaingia kwenye spoki, gurudumu la nyuma likakwama papo hapo. Nikaanguka kando ya Barabara ya Ngong, lori likafunga breki nyuma yangu. Niliinuka, goti limechubuka, na kabla halijaanza kuuma nilikuwa nimeshamjua mwenye makosa.

Alikuwa soja aliyelinda jengo letu la ofisi, mzee mpole ambaye kila asubuhi aliipokea baiskeli yangu getini na kuiegesha. Gari likitaka nafasi, aliisogeza. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimemwona dirishani akiisukuma kwa kushika kiti tu, usukani ukiyumba huku na huku, na nikasonya. Baiskeli ilikuwa mikononi mwake Ijumaa, ikaniangusha Jumatatu. Hesabu yangu ikaishia hapo. Jumamosi na Jumapili sikuziweka kabisa.

Isitoshe, gia hizo zilikuwa zimenichosha. Ni baiskeli ya mtumba yenye gia nane, ya kwanza ya aina hiyo kwetu Mutuini, na kwa wiki tatu ilikuwa inakwaruza. Nilikuwa nimetazama video zote. Kuna kidude cha kuzungusha pale waya unapoingia kwenye gia ya nyuma. Nilikizungusha robo, kelele ikaisha kwenye gia nzito na kuhamia kwenye nyepesi. Nilipokirudisha, ikarudi ilikotoka. Kuna pia skrubu mbili ndogo zinazoizuia gia isipitilize upande huu wala ule, nazo nilizikaza na kuzilegeza hadi vichwa vikaanza kulika. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, nashinda na vipimo kutwa, na sikuwa tayari kushindwa na skrubu mbili.

Basi nilipofika ofisini, damu ikiwa bado mbichi kwenye suruali, nikamwandikia keateka, msimamizi wa jengo, kwamba soja anachezea baiskeli yangu na nusura niuawe. Tangu siku hiyo nikawa naifunga mwenyewe kwenye nguzo, na salamu za mzee naziitikia kwa mbali. Alhamisi keateka alinisimamisha kwenye ngazi.

"Hiyo maneno tumemaliza, madam," alisema. "Huyo mzee tayari alikuwa na komplenti ingine ya gari. Kesho saa mbili supavaiza wa kampuni yao ya ulinzi anakuja kumtoa. Na si transfa. Ni kwenda nyumbani."

Nilimshukuru. Naona haya kuandika kwamba nililala vizuri.

Ijumaa asubuhi gia zilikwaruza tena, ingawa mzee hakuwa ameigusa baiskeli siku nne. Nilisimama njiani, Jamhuri, kwa fundi anayefanya kazi kando ya barabara, mtu wa makamo mwenye ovaroli iliyoiva grisi. Nikamwonyesha zile skrubu. Hakuzitazama.

"Hizo wachana nazo," alisema. "Kuja huku nyuma. Chuchumaa. Sasa funga jicho moja."

Nikafanya hivyo. Gia ya nyuma ina vigurudumu viwili vidogo, kimoja juu ya kingine, na mnyororo hupita katikati yake. Vilitakiwa kusimama wima chini ya meno. Cha chini kilikuwa kimeinama kuelekea spoki, kama jino linalotaka kung'oka.

"Henga imepinda," fundi akasema, akigusa kichuma kinachoishikilia gia kwenye fremu. "Hii ikipinda, hata uzungushe skrubu mpaka Krismasi, haiwezi kaa poa."

"Nani ameipinda?" Nilitaka nisikie jina.

"Sasa mimi nitajuaje? Huwa unailaza upande gani?"

"Siilazi."

Akaingiza kucha kwenye kigurudumu cha chini na kuvuta uzi mrefu wa kijani, umesokotana na mafuta. "Na hii? Si ni nepia?"

Kila Jumamosi nakata nyasi za nepia kule mtoni kwa ajili ya ng'ombe wa mama. Kazi hiyo ilikuwa ya baba, na alipofariki nikairithi pamoja na mtindo wake. Unailaza baiskeli chini kwa ubavu wa kulia, kwa sababu utaiinua ukiwa kushoto. Unaweka mzigo juu ya keria, unaukandamiza kwa goti, unafunga mpira kwa nguvu zako zote, kisha unainua vyote kwa pamoja. Kwetu kila mtu hufunga nyasi hivyo. Blackmamba ya baba, baiskeli ile nzito ya zamani, haikuwa na gia. Ilikuwa haina cha kupinda upande wowote. Yangu ina gia upande huo wa kulia, nami nilikuwa nailaza juu ya gia yenyewe, halafu gunia la nyasi, halafu goti langu. Jumamosi nne mfululizo.

Ilikuwa saa moja na nusu. Nilimpigia keateka mara tatu, hakushika. Nilitaka kuiacha baiskeli nikimbie, lakini, niseme ukweli, kwa muda mfupi nilitaka pia jambo lingine. Nani angejua? Fundi hakumjua soja, soja hakumjua ng'ombe. Ningeweza kufika saa tatu, nikute yamekwisha, nisikitike kidogo kama watu wengine. Wazo hilo lilikuja likiwa limekamilika, na lilinitisha kuliko lile lori.

"Fanya haraka," nilimwambia fundi. "Kuna mtu anafutwa kazi kwa sababu yangu."

Alikuwa ameshaing'oa gia. Akachukua gurudumu lingine kuukuu, akaskrubu ekseli yake kwenye tundu la ile henga, magurudumu mawili yakawa yamesimama ubavu kwa ubavu. Akapima nafasi kati yake kwa kijiti, juu, chini, mbele, nyuma, na kila palipobana akalivuta lile gurudumu kwa mikono miwili, polepole, mpaka kijiti kikapita sawa kila mahali. Akarudisha gia, akazungusha pedali kwa mkono. Mnyororo ukapanda jino hadi jino na kushuka bila sauti.

Niliendesha kama mwendawazimu. Hata katika hofu ile niliusikia ukimya wa gia, na moyo ukafurahi bila ruhusa yangu.

Pikapu ya kampuni ya ulinzi ilikuwa tayari getini. Mzee alikuwa amesimama kando yake kwa sweta la nyumbani, yunifomu imekunjwa vizuri mikononi mwake kofia ikiwa juu. Supavaiza alikuwa ananyoosha mkono kuipokea.

"Ngoja!" nilipiga kelele. "Ni mimi! Baiskeli niliiharibu mwenyewe, na nyasi za ng'ombe!"

"Ng'ombe gani, madam?" supavaiza akauliza.

Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, pumzi imekatika. Nikaandika pale pale juu ya boneti, kwa vidole vyenye grisi, kwamba malalamiko yangu yalikuwa ya uongo na nayaondoa. Supavaiza akaisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akatikisa kichwa.

"Mzee, vaa."

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikilia na kucheka. Sijawahi kufurahi namna ile kwa kuwa mkosaji.

Nilimwomba msamaha. Alisikiliza huku akifunga vifungo, mpaka cha mwisho.

"Sawa, madam. Lakini jana niliambia mama watoto imeisha. Sai anafunga vitu, gari ya kurudi kijijini ushago ni saa tano. Nikimwambia mimi, ataona namfariji tu. Ongea naye wewe."

Akanipa simu. Nilimwambia yule mama kwamba mimi ndiye niliyemsingizia mumewe. Nyuma yake nilisikia sufuria zikiingizwa moja ndani ya nyingine.

"Kwa hivyo anabaki?"

"Anabaki, mama."

"Una uhakika?"

"Ameshavaa yunifomu. Yuko hapa mbele yangu."

"Mpatie simu."

Mzee akaipokea, akageukia ukuta ili tusimwone uso.

"Eeh, ni ukweli," alisema. "Fungua hiyo mizigo."