Yai la Bakari

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kinondo, niliamini kwamba nilikuwa nimemfanya ndugu yangu bubu. Nilichotumia ni yai la kuchemsha.

Bakari alikuwa na miezi saba, na kwa mara ya pili mfululizo uzito wake haukupanda. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na siku hiyo nilikuwapo kliniki, Msambweni, nimebeba mkoba wa nepi. Nesi alimuuliza mama mtoto anakula nini.

"Uji wa muhogo."

"Mzito?"

"Wa kunywa."

"Uji wa kunywa ni maji hayo, dada. Mpondee kiazi kitamu, tia kunde, tia samaki uliyemtoa miba. Na yai, liive kabisa."

Nyumbani, Bibi, mamake baba, alikubali yote isipokuwa la mwisho. "Mtoto asiyesema hapewi yai. Litamfunga ulimi."

"Haya, mama," mama akajibu, kama mkwe anavyotakiwa kujibu. Kesho yake akarudi Diani, kwenye hoteli alikofua mashuka, akaniachia Bakari. Shule zilikuwa zimefungwa.

Sikuwa mkaidi. Nilitaka kujua tu. Yai linaufungaje ulimi? Kamba inatoka wapi? Bibi alipokwenda shambani nilichukua yai kwenye kiota cha kuku jikoni, nikalichemsha sufuria moja na viazi. Nililiponda pamoja na kiazi, nikalainisha kwa tui, na maganda nikayafukia jivuni. Bakari alikula, kisha akanilamba mkono. Shule zilipofunguliwa nikawa nafanya hivyo Jumamosi na Jumapili.

Uzito ukapanda. Bibi akazisifu kunde zake.

Bakari alitimiza mwaka, akatembea, akafika miaka miwili na nusu bila kusema hata "mama." Alinyoosha kidole tu. Mtoto mmoja wa jirani aliniuliza kama hata kulia huwa analia kwa kidole. Bibi akampeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaandikiwa kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, akanyweshwa. Nilimtazama akimeza. Tuliporudi nyumbani nilishindwa kuvumilia.

"Bibi, mimi nilimpa mayai."

Alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua uso. "Najua."

"Unajua?"

"Jivu naliweka kwenye mchicha mimi. Nani asiyeyaona maganda?"

"Mbona hukunikataza?"

Ungo ukasimama. "Mwanasha, yule mtoto nilikuwa nikimbeba kila siku. Nilisikia mikononi anavyozidi kuwa mzito. Nikasema, bubu nitamlea. Wa kuzikwa nitamfanyaje?"

Akanituma yai. Alilichemsha mwenyewe, akalimenya mbele ya Bakari na kulishika juu. "Wataka nini?" Bakari akanyoosha kidole. Bibi akatikisa kichwa, akasubiri, mwisho akampa. Alifanya vile kwa wiki kadhaa. Siku moja Bakari alikunja uso kwa hasira, akasema, "Lete."

Majirani waliambiwa ni kombe. Nesi, nadhani, angesema mtoto angeongea tu, wakati wake ukifika. Mimi sasa ni mhariri wa habari, na hii siwezi kuithibitisha upande wowote. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba Bakari anatembeza watalii Shimoni, na hanyamazi.

Binti yangu ana miezi minane. Leo asubuhi nimempondea kiazi, kunde na yai, na kama kawaida mkono ulisita kidogo juu ya bakuli. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama habari ya mtoto aliyemzunguka bibi yake. Nimechelewa kuona kwamba siku zile za mwanzo mimi sikuhatarisha chochote, kwa kuwa sikuwa nimeamini bado. Bibi aliamini. Na kila Jumamosi alichukua jembe lake, akaniacha peke yangu na sufuria.