Kangomba ya Kilio

Bibiana wa Makote hali supu. Ukimkaribisha atakaa nawe, atakuchekesha mpaka mbavu ziume, lakini bakuli likifika ataligeuzia mgongo na pua ataifunika kwa ncha ya kanga. Wageni hudhani tumbo lake linakataa nyama. Sogeeni basi niwaambie, maana jambo lenyewe halikuanzia kwenye supu. Lilianzia kwenye kinasa sauti.

Kilikuwa kidogo cha kukaa kiganjani, kikitumia betri mbili nyembamba. Aliachiwa na msichana mmoja wa chuo, mgeni wa nchi za nje, aliyekaa Makote misimu miwili ya korosho akijifunza Kimakonde. Bibiana ndiye aliyemtembeza nyumba hadi nyumba na kumfafanulia maneno ya wazee. Siku ya kuagana yule msichana alimkabidhi kile kifaa, akamwambia, "Mama, usikiache kikalala." Na kweli Bibiana hakukilaza.

Ndani kilikuwa na sehemu nne, A mpaka D. Wenye kompyuta wanaziita folda. Bibiana aliziita vyumba, na kila chumba alikipa adabu yake. A ilikuwa ya hadithi. B ngoma na nyimbo za kupalilia. C ilikuwa ya salamu: mtu wa Mnyambe au Chilangala anaongea na mwanawe aliyeko Masasi, Bibiana akishuka huko anamsikilizisha mhusika, kisha anafuta, kwa sababu salamu ikishafika imefika. Na D ilikuwa ya vilio.

Hapo kwenye D alikuwa mkali. Hufunguliwi D ukiwa umekaa kitini. Msibani watu hukaa chini, kwa hiyo mkeka unatandikwa kwanza. Hufunguliwi kama wewe si mtu wa nyumba iliyofiwa. Na kila kilio kilitanguliwa na sauti ya Bibiana mwenyewe, akitaja ni cha nani, wa kijiji gani, anamlilia nani. Maana kile kifaa kilijua kuandika namba tu, na namba haina ukoo.

Kilio cha kwanza kuingia D kilikuwa cha jirani yake, Agatha. Agatha alikuwa na mtoto mmoja tu, Arthur, kijana wa kuanza kuota ndevu, akafa kwa homa. Picha yake hakuna hata moja. Siku ya arobaini, watu walipotawanyika, Agatha alimfuata Bibiana jikoni.

"Kilete kile kidude chako. Nisije nikasahau nilivyomwita."

Akalia. Agatha alikuwa na kilio cha kwikwi: sauti inapanda, inakatika, inarudi chini, inapanda tena, "mwanangu, hi, mwanangu, hi," na mwishoni kabisa, pumzi ikiwa imebaki kidogo, anaita jina mara moja, refu, kama anayemwita mtu aliye shamba la ng'ambo. Arthur.

Sasa, mnajua huruma ya watu ilivyo. Baada ya msiba kila mtu aliona vibaya kumwita Mama Arthur mbele ya uso wake. Wakawa wanasema dada Agatha, shangazi Agatha, wengine bibi. Bibiana naye akaingia humo humo. Miaka ikapita, jina la Mama Arthur likawa limebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye chumba cha D, Bibiana anaposema, "Hiki ni kilio cha Mama Arthur, wa Makote." Kila mwaka korosho zikishaanikwa Agatha alikuja, akatandikiwa mkeka, akasikiliza, akashukuru, akaenda zake.

Halafu kidude kikajaa. Ukibonyeza kunasa kinakuonyesha kioo tupu na kupiga kelele kama kifaranga. A ilikuwa na wazee ambao wengine wameshakufa, B hivyo hivyo, C alikuwa akiifuta, na D haguswi mtu. Akaambiwa dawa ipo: unavihamishia kwenye sahani, zile sidii, kidude kinabaki na nafasi.

Mwenye kazi hiyo pale mjini Newala alikuwa Silvesta, mtoto wa mdogo wake Bibiana. Ilikuwa ile miaka biashara imefunguliwa kila mlango. Mitumba, maji ya chupa, vocha, kila kijana ana meza yake stendi. Silvesta alikuwa na kibanda cha kuchaji simu, kuchoma sidii na kuwatilia watu milio ya simu.

"Shikamoo, mama mkubwa!"

"Marahaba, baba. Nataka hivi vyumba vihame, visichanganyike."

"Hilo tu? Kaa hapo."

Alikuwa anakula chipsi mayai. Anachovya kwenye tomato, anabonyeza kompyuta kwa vidole vile vile, herufi zote zilikuwa zimefanya utando wa mafuta na vumbi. Akamtilia Bibiana vitu vya masikioni ajaribu kama sauti zimeingia, na vile vitu vilikuwa na nta ya masikio ya watu, ya njano, imegandana. Bibiana akavichomoa mara moja. Lakini mtoto wa mdogo wako utamwambiaje? Akapokea sahani zake na kidude chake, kinanata tomato, akakifuta kwa kanga njia nzima mpaka Makote. Aliniambia baadaye, "Ile tomato ndiyo ilikuwa inaniambia. Sikuisikia."

Msimu haukuisha. Bibiana alishuka Masasi na salamu za watu, na akingoja gari la kurudi alikaa kwenye banda la supu karibu na stendi. Mwenye banda, Sadallah, ni mtu wa tumbo na maneno mengi, anakata nyama kwenye gogo, huku simu yake ameilaza pale pale pembeni ya shoka, imerukiwa na vipande vya mafuta na kijidamu. Bibiana akaletewa bakuli. Alikuwa ameshapeleka kijiko mdomoni simu ilipolia.

"Mwanangu, hi, mwanangu, hi..."

Watu mezani wakacheka. Mmoja, mfupa ungali mdomoni, akaiga ile kwikwi, supu ikamtoka puani. "Sadallah bwana! Bibi yako kashikwa tena!"

"Mwache alie, anadai deni lake," Sadallah akajibu, akaichukua simu kwa vidole vinavyometa mafuta. "Haloo?"

Supu ilimrudi Bibiana kooni. Alitoka nje, akatapika nyuma ya banda, kwenye pembe na kwato za mbuzi na inzi wake. Alipanda gari, na aliposhuka Newala hakwenda nyumbani, akapitiliza kibandani kwa Silvesta.

"Shikamoo, mama mkubwa!"

Hakuitikia. Huku kwetu usipoitikia shikamoo ya mtoto wako, hata wapita njia husimama. Silvesta akapangusa kiti. Hakukaa.

"Kilio cha dada Agatha kimefikaje kwenye simu ya mchinja mbuzi?"

"Aa! Kimefika Masasi?" Uso ukamng'aa. "Kile tunakiita Bibi Kwikwi. Kinapendwa hicho! Simu ikilia sokoni katikati ya simu mia, ya kwako unaijua."

"Mimi nilikwambia uhamishe."

"Kuhamisha lazima kipitie humu, na kikipita humu kinabaki. Ndiyo kompyuta. Halafu mama mkubwa, sasa ni soko huria. Sauti ikishatoka mdomoni haina mwenyewe."

"Mbona kimeishia katikati? Jina liko wapi?"

"Nilikata. Mwanzoni kuna maneno yako, marefu, mwishoni kuna jina la mtu. Nani anataka kutembea na jina la maiti mfukoni?" Akaona sura yake, akashusha sauti. "Basi usikasirike. Na wewe nitakupa chako."

Nyinyi mnaijua kangomba. Mtu anakuja kiangazi njaa imekaza, anakupa unga wa siku mbili, na korosho zako zingali maua juu ya mti zinakuwa mali yake. Bibiana akasema, "Nilidhani kangomba ni ya korosho. Kumbe mpaka machozi mnanunua yakiwa maua." Akatema mate mlangoni. Tangu nimjue sijawahi kumwona akitema mate mbele ya watu.

"Futa."

Silvesta akafuta, akamwonyesha. "Tayari. Ila kwenye simu za watu sina mkono. Wanarushiana wenyewe."

Usiku ule hakukigusa kidude. Kilimtia kinyaa, kama kitana ulichokikuta kina nywele za mtu mwingine. Asubuhi akatandika mkeka kwa Agatha na kumweleza yote: banda, mafuta, kicheko, mfupa mdomoni. Hakuficha kitu. Kisha akasema, "Dada, nimeona nikifute. Kimechafuka. Maji yaliyotemewa hayarudi mtungini."

Agatha alikuwa akipembua choroko, hakuacha.

"Wamekata wapi?"

"Kabla hujamwita."

Ungo ukasimama. "Yaani mimi nalia, halafu sijulikani namlilia nani?"

"Ndiyo."

"Usifute," Agatha akasema. "Ukifuta, mwanangu atabaki kwa wala supu peke yao, tena bila jina. Kesho unanipeleka Masasi."

"Kufanya nini, dada? Wale watu hawana haya. Watakucheka."

"Si wanacheka sasa? Nikiwepo watacheka nini cha zaidi?"

Wakashuka. Bibiana anasema njia nzima alikuwa akiomba simu ya yule bwana iwe imezimika au imeibwa. Haikuwa. Ilikuwa pale pale kwenye gogo, na nzi juu yake. Agatha akaingia bandani, akazipita benchi zote, akakaa chini, sakafuni penye mifupa na makombo, akakunja miguu na kujifunika kanga kichwani.

"Mama, benchi zipo!" Sadallah akaita. "Huko chini ni kwa paka."

"Nimekuja msibani."

"Msiba wa mbuzi?" Wakacheka. Mwingine akasema, "Sadallah, mpe bibi rambirambi ya utumbo!"

Bibiana alikuwa amesimama mlangoni, ncha ya kanga puani, na kila kicheko alikisikia kama ute unamwagikia mtu. Alitaka kumnyanyua Agatha waondoke. Simu ikalia.

"Mwanangu, hi, mwanangu, hi..."

Pale ilipokatwa, kabla haijarudia mwanzo, Agatha akakipokea kilio. Sauti ile ile, kwikwi ile ile, imezeeka tu. Akapanda, akashuka, akapanda, na pumzi ikiwa imebaki kidogo akaita, refu, mpaka wauza mahindi wa nje wakageuka.

"Arthur!"

Simu ikaanza tena. Sadallah akaikamata, vidole vina mafuta, ikamponyoka kama kambale, ikaingia kwenye beseni la utumbo ambao haujaoshwa. Na ikaendelea kulia humo humo. Mwanangu, hi, mwanangu, hi, sauti imezibwa na uchafu, mapovu ya kijani yakipanda. Hakuna aliyecheka. Yule wa mfupa aliutoa mdomoni akauweka mezani taratibu, akafuta mkono kwenye suruali. Sadallah akazamisha mkono mpaka kiwikoni, akapapasa, akapapasa, mpaka ikanyamaza.

Akasimama, mkono unachuruzika.

"Samahani, mama. Mimi sikujua ni mtu."

"Ulidhani ni nini?" Agatha akauliza.

Yule bwana wa maneno mengi akautazama mkono wake. "Nilidhani mlio tu."

"Ni mimi. Na ninayemwita ni mwanangu, Arthur. Hana picha. Ana jina."

"Samahani sana," Sadallah akasema. Akainamisha kichwa. "Samahani, Mama Arthur."

Bibiana aliniambia pale ndipo kinyaa kilipomzidi kuliko mwanzo. Jina lile, ambalo yeye amelitunza chumbani miaka yote, ambalo mwenyewe aliona haya kulitamka mbele ya Agatha, linatoka kwenye mdomo ule wenye mafuta, juu ya mkono ule unaonuka. Alitamani alinyang'anye, alifute kwa kanga, alirudishe D.

Agatha alinyoosha mkono anyanyuliwe. "Haya, baba," akamjibu Sadallah, kwa upole kabisa.

Tangu siku hiyo kwenye chumba cha D jina linatajwa mwanzo, katikati na mwisho, na mara nyingine katikati ya katikati, ili mkasi wa mtu ukose pa kupita. Kidude hakiingii kibanda cha mtu. Kikijaa, Bibiana anakaa na wenye hadithi, wanachagua wenyewe kipi kitoke. Silvesta akimwamkia anaitikia sasa, lakini kwake hali kitu.

Siku ile kwenye gari, likipanda kurudi Newala, Bibiana alikaa akikisugua kidude kwa kanga, ingawa hakukitoa mfukoni bandani na hakikuwa na doa. Agatha alikuwa dirishani. Walipokaribia juu, upepo wa baridi ulipoanza, akamgusa bega.

"Bibiana. Umesikia alivyoniita?"

"Nimesikia," Bibiana akasema, akaendelea kusugua kidogo. Halafu akaacha. "Nimesikia, Mama Arthur."