Gari la Kijapani la Mzee Kaimu na uongo wa dereva wake

Saa moja asubuhi, Nachingwea. Hasani Seleman amefunua boneti ya lori la mbao na kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena na kukisogeza karibu na macho. Kisha anafanya hivyo hivyo mara ya tatu.

Mwenye lori, aliyekuja kutazamiwa breki tu, anauliza kama kuna ubaya wowote.

"Hakuna," anajibu Hasani. "Nahakikisha."

Katika gereji hii ndogo iliyo karibu na stesheni ya reli, hakuna gari linalotoka bila Hasani kulipima oili. Wateja humtania kwamba anaitafuta kama mtu aliyedondosha shilingi kisimani. Mwajiri wake, fundi Ildefonsi, Mmakua mwenye maneno machache, huwaambia wamwache.

Hasani ana miaka thelathini na sita, mke mmoja na watoto watatu. Anapata shilingi sitini kwa mwezi kwa kuosha vyuma na kubeba vifaa. Enzi za Karanga, ule mradi mkubwa wa serikali wa kulima karanga, alipata mia moja na ishirini, tena kwa kuendesha tu.

Mwandishi wa makala haya alifika Nachingwea mwezi huu wa Septemba, 1959, akitafuta habari nyepesi. Alikuwa amesikia kwamba mkulima mmoja wa Nandagala, upande wa Ruangwa, alinunua gari la Kijapani aina ya Toyota, na kwamba nchi nzima ya huko inamcheka. Habari ya kuchekesha wasomaji Jumapili, basi. Aliyoikuta haichekeshi.

Gari lenyewe lilinunuliwa Septemba ya mwaka jana. Mzee Kaimu Abdala, mjomba wake Hasani, alikuwa ameuza ufuta na korosho za miaka minne bila kujenga nyumba ya bati wala kuoa mke wa pili, na watu walikuwa wameanza kumwita bahili. Kumbe alikuwa anangoja gari.

Mwenye duka wa Lindi aliyemuuzia alimpa na historia ya kampuni, ili kumtoa wasiwasi. Alimweleza kwamba waliolitengeneza walianza na mitambo ya kufuma nguo, ndipo baadaye, kabla ya vita, wakaingia kwenye magari. Alimwambia pia kwamba miaka minane iliyopita gari la namna hiyo lilipandishwa kwenye mlima mrefu kuliko yote huko Japani, mahali ambapo watu hupanda kwa miguu.

"Niliposikia kufuma, moyo wangu ukatulia," Hasani anamkumbuka mjomba wake akisema. "Mtu anayejua uzi ni mtu wa subira."

Lakini wengine waliposikia kufuma, walikumbuka mengine. Kabla ya vita vitambaa vya Japani vilijaa madukani kwa bei ya chini, na wazee wa hapa hawajasahau jinsi vilivyochuja vikifuliwa mara ya pili. Mpaka leo, kitu kikivunjika upesi sokoni Ruangwa, utasikia mtu akisema, "Si Japani hiyo!" Hata kama ni chungu kilichofinyangwa Likunja, hapo jirani.

Siku ile dukani, fundi wa mwenye duka aliwaonyesha gari kipande kwa kipande. Alipofika kwenye injini alisema, "Oili mtapima kila asubuhi." Mzee Kaimu akamgeukia mpwa wake na kumuuliza kama ameelewa yote.

"Nimeelewa, mjomba," Hasani alijibu. "Mimi ni dereva wa Karanga."

Hakuwa ameelewa. Hapo ndipo penye kisa, na Hasani anapopaeleza huwa anatazama mikono yake.

Aliingia kwenye mradi wa karanga mwaka 1949, kijana mwenye nguvu, akafundishwa kuendesha. Katika kituo alichokuwa, kila mtu alikuwa na kazi yake moja tu. Dereva aliendesha. Mtu wa maji alitia maji, mtu wa petroli alitia petroli, na mtu wa oili alipita alfajiri kabla ya madereva kuamka. Boneti zilifungwa kwa waya, kwa sababu plagi zilikuwa zikiibwa, na dereva aliyekutwa amefunua boneti alihesabiwa kuwa mwizi.

"Miaka sita niliendesha malori makubwa kuliko nyumba," anasema, "na sikuwahi kuona tumbo la hata moja. Ulikuwa unapewa gari limeshiba. Unaondoka."

Mradi ulipopunguzwa, yeye na wenzake walirudi vijijini wakiwa na makoti ya kaki na sifa. Nandagala nzima walimwita Dereva. Hasani hakupinga. Nani angepinga? Jina lilikuwa tamu, na hakukuwa na gari la kumuumbua.

Kisha mjomba akaleta gari.

Wanaofahamu desturi za Wamwera hawahitaji kuelezwa kwamba kwa mpwa mjomba ni zaidi ya baba. Hasani alilelewa na Mzee Kaimu tangu mama yake alipofariki. Huyo ndiye aliyemlipia mahari ya Mwamina, mkewe. Ndiye aliyemkabidhi ufunguo mbele ya ndugu wote, akiwapita wanawe wa kuwazaa, akasema, "Gari ni langu, lakini mikono ni ya huyu."

Kwa miezi sita Toyota ile ilifanya kazi mpaka hata waliocheka wakanyamaza. Ilitoa korosho Malolo wakati malori ya wenye fedha yamezama kwenye tope mpaka ekseli. Ilimbeba mama mmoja wa Likunja aliyekuwa na uchungu wa siku mbili, akajifungua salama hospitalini, na mtoto akaitwa Safari. Ilipeleka mabibi harusi watatu.

Hasani alikuwa akiiosha kila siku mpaka inang'aa. Petroli aliijua, na maji aliyajua. Oili hakuigusa.

"Kile kijiti nilikiona," anasema. "Kina kichwa kama pete. Nilikifuta vumbi, nikafunga. Nilidhani ni cha kushikia kitu."

Mbona hakuuliza? Nachingwea kulikuwa na mafundi wa kutosha, na Ildefonsi mwenyewe angemwonyesha kwa dakika moja.

"Ningemuuliza vipi? Dereva wa Karanga, miaka sita, aje aulize oili inatiwa wapi? Niliona haya, bwana. Niliona haya kwa jambo dogo, sasa naona haya kwa jambo kubwa."

Mwezi Machi, akitoka Nachingwea na magunia ya chumvi na mabati ya duka moja la Likunja, mshale wa kipimo kimoja mbele yake ulilala sifuri. Alidhani umeharibika. Akaupiga kwa kidole. Maili chache mbele injini ikaanza kugonga, akaongeza mwendo ili afike kabla haijazima. Ilizimikia mlimani, ikatoa moshi, na haikuwaka tena.

Watu walijaa. Mzee Kaimu aliletwa kwa baiskeli, akaja amekaa nyuma, mzee wa watu, ameshikilia kofia yake. Alimuuliza mpwa wake swali moja: "Imekuwaje?"

Kabla Hasani hajafungua mdomo, mtu mmoja katika kundi akasema kwa sauti, "Si Japani hiyo!" Watu wakaangua kicheko.

"Nikasema ndiyo," anasimulia Hasani. "Nikasema, ndiyo mjomba, ni Japani. Maneno hayo tu. Sikuyatunga mimi, nilipewa tayari. Lakini niliyapokea."

Fundi Ildefonsi alifuatwa kuitazama. Alipofungua sampu, lile sinia la chuma linaloshika oili chini ya injini, akakuta tope jeusi kiasi cha kujaza kikombe. Alimtazama Hasani, na Hasani akamtazama yeye. Mzee Kaimu alikuwa amesimama pembeni.

"Nilijua palepale," anasema fundi. "Lile gari halina kosa. Liliuawa kwa kiu. Lakini ningemuumbuaje mtu mbele ya mjomba wake? Nikasema tu kazi ni kubwa. Na mimi nina sehemu yangu katika uongo huu, uandike."

Ildefonsi ndiye aliyempa kazi mwezi uliofuata. Siku ya kwanza alimkabidhi kitambaa na kumwonyesha kile kijiti.

Mwamina, mkewe Hasani, anaujua ukweli tangu Aprili. Ni mwanamke mwenye ulimi mkali, na hakuuficha mbele ya mgeni.

"Mjomba anatuletea unga," alisema huku akipepeta mtama uani. "Kila mwezi analeta. Anasema, 'Mpwa wangu amepoteza kazi kwa ujinga wangu wa kununua gari bovu.' Mimi naupokea ule unga, naupika, na koo linakataa. Nimemwambia Hasani: siku moja ukweli nitausema mimi, uone."

Mwandishi alikwenda Nandagala Jumanne. Hasani alikuwa ameomba jambo moja tu, kwamba mjomba asiambiwe kitu na mgeni.

Gari limeegeshwa kando ya nyumba ya udongo, chini ya kibanda cha makuti. Limefunikwa kwa mkeka. Mzee Kaimu, mtu mwembamba wa miaka sitini na kitu, Kiswahili chake cha sokoni kikichanganyika na Kimwera, aliufunua mkeka taratibu na kuonyesha milango, taa, viti. Vyote vizima.

"Wananiita Mzee Japani," alisema. "Hata nsikitini. Natoka kuswali, ntu ananisalimu, Mzee Japani, hujambo. Nami naitika. Nifanyeje? Nimenunua mwenyewe."

Jumamosi anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Lindi. Ameahidi shilingi mia tatu kwa gari zima, bei ya bati na matairi. Mzee amekubali. Anasema hataki msimu mwingine wa korosho umkute na kichekesho uani.

Kisha akamgeukia mwandishi. "Wewe umesoma," alisema. "Niambie kweli. Hawa Wajapani hawajui kuunda gari, au mimi ndiye niliyechagua vibaya?"

Mwandishi wa makala haya ameulizwa maswali na watu wakubwa bila kutetemeka. Hili alilikwepa. Alijibu kwamba hajui mambo ya magari, akaaga kabla ya chai. Njia nzima ya kurudi Nachingwea aliona uso wake umewaka moto, naye hakuharibu injini ya mtu.

Jumatano asubuhi alimweleza Hasani swali lile, neno kwa neno. Hasani aliweka chini spana. Alikaa kwenye tairi kuukuu, akafunika macho kwa viganja, akalia. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walijifanya wanatazama reli.

Ni Ildefonsi aliyesema kwanza. Injini ile inafufuka, alisema. Inataka beringi mpya, pistoni, na mwezi mmoja wa kazi. Vifaa vinaweza kuagizwa Lindi. Yeye atafanya bila malipo ya mkono, kwa sababu ya kimya chake. Lakini likiuzwa Jumamosi litakatwa vipande Jumapili.

"Basi ni Ijumaa," alisema Hasani.

"Mwambie nyumbani kwake, faraghani," Ildefonsi alimshauri. "Atakusikia vizuri."

Hasani alikataa. "Jina la Japani alipewa mbele ya watu. Nikimwambia ndani ya nyumba, nimejikosha mimi, yeye atabaki nalo. Nitasimama nje ya msikiti watu wakitoka. Nitasema oili, nitasema kijiti, nitasema Karanga. Wacheke. Safari hii wamcheke anayestahili."

Aliulizwa anatarajia nini baada ya hapo.

"Sitarajii kushika usukani. Huo nimeshaupoteza. Nataka likitengenezwa aliendeshe mtu mwingine, nami nikiruhusiwa nilitie oili. Nataka mjomba atembee Ruangwa wamwite Kaimu."

Na mjomba akimuuliza kwa nini alingoja miezi sita?

"Nitamwambia nilikuwa napenda anavyonitazama."

Alhamisi mchana alivaa kanzu, akamwachia Mwamina fedha za mafuta ya taa, na kuanza safari ya Nandagala kwa miguu, ingawa lori la mbao lilikuwa linakwenda upande huo na dereva alimwita. Kabla ya kuondoka walikubaliana na mwandishi kwamba, akishindwa kusema, karatasi hizi zichanwe.

Jumatatu telegramu ilifika ofisini Dar es Salaam, imetumwa na Ildefonsi: "Hasani amesema mbele ya wote. Mzee hajaongea naye mpaka leo. Gari halikuuzwa. Chapisha."