Valvu Iliyozima Moto wa Mama Dastani

Tangu jiko la dada yake lilipolipuka, Twahiru, fundi chuma wa Mkomaindo, hakuuamini tena mtungi wowote wa gesi. Mwenyezi Mungu alimjalia subira, akaunda valvu inayojifunga yenyewe gesi inapovuja. Ya kwanza alimfungia jirani yake Oliva, yaani Mama Dastani, mama lishe, ili aijaribu.

Wiki haijaisha, akasikia kwamba Oliva ameing'oa. Akaenda mbio.

"Mama Dastani, valvu yangu iko wapi?"

"Kwenye debe la mkaa! Kila nikiinjika wali inazima moto. Uliiunda hivyo ili nikuite kila siku, ule bure?"

Twahiru alinusa. Uani walikuwa wakichoma korosho, na moshi mkali wa maganda ulifunika kila harufu nyingine. Mashaka yakamwingia. Akazima moto wote, akaupaka mpira wa gesi maji ya sabuni. Mapovu yakaumuka palepale: mpira ulikuwa umepasuka, na valvu ilikuwa ikifunga kwa haki.

Oliva aliyatazama mapovu, kisha akaitazama mikono ya fundi.

"Siku ile ya kufunga valvu ulikuja na kisu."

"Mimi nikukatie mpira, Mama Dastani?"

"Sijui. Lete mpya, uufunge pamoja na hiyo valvu yako. Nami nakaa hapa hapa."

Twahiru alifunga polepole, macho ya Oliva yakiwa juu ya vidole vyake. Wala hakuchukia. Mwenye shaka kama huyu, alijisemea, atauchunguza mpira huo kila asubuhi.