Faili Lile Lile, Heshi Nyingine

Mfumo niliouweka hospitalini kwa mikono yangu ulikaribia kuua mtoto wa watu, na aliyebebeshwa lawama ni dada yangu.

Sitanii.

Dada ni nesi. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Skrini ya wodini ilimwonyesha dozi, akampa mtoto. Kumbe ilikuwa mara mbili ya kipimo. Mtoto yuko kwenye oksijeni, na dada ana kikao saa sita mchana. Leseni inakwenda hiyo.

"Mdogo wangu, mimi nilifuata mashine," alinililia kwenye simu. "Hakuna anayeniamini!"

Ilikuwa saa nne.

Dozi hukokotolewa na faili moja la maktaba, yaani kazi ya watu wengine ambayo sisi waandika programu tunaiazima. Nikalikagua. Jina lile lile. Toleo lile lile.

"Faili halina shida," bosi wangu akasema. "Acha kutafuta mchawi. Dada yako kakosea."

Nikakumbuka heshi. Kila faili lina yake: mlolongo wa herufi na tarakimu unaotokana na kilichomo ndani. Gusa nukta moja tu, mlolongo wote unabadilika. Jina halina kazi hapo.

Waliolitengeneza wametangaza heshi yake. Nikapima la kwetu.

Hazikufanana hata kidogo!

Nilipiga meza hadi chai ikamwagika. Kuna mshenzi kalichezea! Nikaitafuta heshi ile kwenye kumbukumbu za seva, kompyuta kuu ya hospitali, zinazoonyesha kila faili limetoka kompyuta gani.

Jibu lilikuja moja.

Kompyuta yangu.

Miezi mitatu nyuma nilizidisha dozi kwa mbili kwenye nakala yangu, nione tu kama skrini inalisoma faili hilo. Nikasahau kurudisha. Seva ilipokufa juzi, nikanakili faili kutoka kwangu, maana jina lilikuwa sahihi.

Kidole kikakaa juu ya kitufe cha kufuta. Nani angejua? Dakika nzima nilikaa hivyo, naona aibu hata kuandika.

Saa sita kasoro nikaingia kikaoni na heshi zote mbili kwenye karatasi, nikakiri.

Dada hakulia.

"Kumbe mashine niliisingizia," akasema.

Mtoto alipona. Dada karudi wodini. Mimi sina kazi, na simu zangu hapokei.

Jamani, ukigusa faili la watu, hata nukta, libadilishe jina pia. Na kabla hujamtafuta mchawi, anza kupima la kwako.