Sifuri Imekwenda Wapi?

Harufu ya mpaini uliopasuliwa sasa hivi siivumilii hadi leo. Wageni wanaopita Makambako huvuta pumzi na kusifu hewa yetu. Mimi, ndugu zangu, nasikia viboko, halafu nasikia msumeno.

Nilikuwa kidato cha tatu, kwetu Matembwe. Mwalimu wetu wa hesabu tulimwita Radi, kwa kuwa alipiga kwanza, ngurumo ikafuata. Alhamisi moja aliandika fanksheni ubaoni, akaiita mashine: chukua namba x, gawanya moja kwa namba hiyo. Kisha akatuambia tuingize jibu lake tena kwenye fanksheni ileile. Tukakata huku na kule, ikabaki x peke yake, safi kabisa, tukachekelea.

"Domeni yake? Namba zipi zinaruhusiwa kuingia?"

"Zote, mwalimu!"

"Sifuri imekwenda wapi?"

Hakungoja jibu. Fimbo ya mkaratusi ilianzia dawati la mbele, ikapita migongoni na vidoleni mpaka ukutani. Jirani yangu Neema alitoka damu sikioni. Nilimchukia Radi kwa moyo wangu wote, na sijaacha.

Baba alikuwa na msumeno wa injini na mashine ya randa ya kulainishia mbao nyuma ya nyumba. Kwetu mpaini wa mpakani mwa shamba, uliopigiliwa misumari ya seng'enge, haupasuliwi mbao. Huachwa na magome yake ili makovu ya misumari yaonekane, ukauzwa kuni. Kesho yake, Ijumaa, mfanyabiashara mmoja alileta gogo lililomenywa magome, jeupe, linanukia. Nililipapasa.

"Hili, mwanangu, litateleza lenyewe kwenye randa," Baba akasema.

Halikufika kwenye randa. Asubuhi yake msumeno uliuma msumari ndani kabisa ya gogo, ukakatika, ukaruka. Nilisikia mlio mkali, kisha Baba akimwita mama yake aliyekwisha kufa. Vidole vyake vya kulia vilikuwa chini, kwenye vumbi la mbao, nalo lilikuwa limelowa likawa uji mwekundu. Mama alimfunga kwa khanga, tukamkimbiza hospitali Njombe. Njia nzima Baba aliuliza jambo moja tu: "Lile gogo lilitoka wapi?"

Jumatatu Radi akarudia swali lake la sifuri. Nikasimama.

"Imekwamia kwenye mashine ya kwanza, mwalimu; moja haigawanyiki kwa sifuri. Haikufika ya pili."

"Sahihi," akasema, kisha akanichapa kwa kujibu bila kunyoosha mkono.

Sasa nafundisha hesabu hapa Makambako. Jibu likitoka safi ubaoni, nawauliza watoto limepitia wapi, na mikono yangu naiweka mfukoni. Ijumaa ile, mbele ya gogo jeupe, sikuwa na swali lolote kichwani. Nilikuwa na mgongo unaouma tu. Nimechelewa sana kulielewa hilo. Swali ambalo lingeokoa mkono wa baba yangu, Radi alikuwa nalo, na badala ya kutupatia, alitupiga nalo.